Kadi ya Pili ya Baba

Machakos mjini,
Jumapili.

Kwa kaka yangu Kisilu,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa dada yako. Natumaini wewe na mama yetu, mwaitu, mko salama hapo Kivaa, na kwamba mbaazi hazikunyauka zote. Mimi kwa mwili ni mzima. Kwa moyo sijui nikuambie nini. Tangu tumzike baba, chakula nakisukuma kwa maji tu.

Kazi yangu ya kuchapa kadi za utambulisho bado naifanyia nyumbani, juu ya meza ile ile ya kulia. Shuka jeupe bado limening'inia mlangoni, watu husimama mbele yake niwapige picha. Juzi nimechapa kadi za kwaya nzima.

Unakumbuka nilivyomtengenezea baba kadi ya kuvaa shingoni alipoanza kupotea hata akienda dukani. Niliweka picha yake, jina lake, na namba yangu ya simu kwa herufi kubwa, ili atakayemkuta anipigie. Ilimrudisha nyumbani mara mbili. Mara ya pili mama mboga alinipigia akicheka, akasema mzee wangu amemwamuru afunge kibanda kwa sababu zamu imeisha. Miaka thelathini ya kulinda godauni Athi River haikumtoka, hata alipotusahau sisi.

Lakini kadi yenyewe aliichukia. Alilalamika kwamba haina cheo, kwamba ni ya mtoto wa nasari. Kila asubuhi aliitupa, na Kavindu, binti wa shangazi aliyekuwa akimtunza, alimbembeleza mpaka akachoka.

Kwenye mazishi niliwaambia kwamba siku aliyopotea baba alitoka bila kadi. Wote mkamgeukia Kavindu. Shangazi zetu walimsema pale pale kaburini, akaondoka bila kula. Kaka, niliwadanganya.

Baba alikuwa na kadi shingoni. Wiki moja kabla nilikuwa nimemchapia nyingine. Nilimwandikia MLINZI MKUU, na kwa kuwa nafasi haikutosha, nikaiondoa namba ya simu. Nilijiambia ataivaa ndani ya nyumba tu. Alipoishika alinipigia saluti, akaniita kwa jina langu, Ndanu, mara ya kwanza tangu Krismasi. Nilishindwa kumnyang'anya.

Alikaa siku tatu nje. Watu wa Kinanie, kule karibu na Athi River, waliniambia walimwona amesimama kwenye geti la jengo tupu, kadi kifuani, wakamsalimia wakapita. Walidhani yuko kazini. Nani atamuuliza soja kama amepotea? Mhudumu wa mochari ndiye aliyenikabidhi kadi, nami nikaificha kifuani kabla hujafika.

Nimeitia ndani ya bahasha hii. Mweleze mwaitu polepole, kisha nenda kwa Kavindu umwambie hakukosa kitu. Nitakuja kumwomba msamaha mwenyewe, kama mtanipokea. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini si haki yeye aendelee kulowa kwa ajili yangu.

Wasalimie watoto na majirani wote waliotuchimbia kaburi. Ukimaliza kusoma nipigie, hata kama ni kunitukana. Namba yangu ni ile ile niliyoifuta.

Ni mimi dada yako mwenye majuto,
Ndanu