Limbuko la Masika, na Lile Langu

Mama, wewe uliyenitangulia,

Nakuandikia nikiwa nimechanganyikiwa, na usinicheke. Najua ungesema mtu akichanganyikiwa apige magoti kwanza, barua baadaye. Nimepiga magoti tangu Jumatano na sijaona mabadiliko, isipokuwa kwenye magoti yenyewe. Kwa hiyo nimekaa mezani na kalamu, maana sina mwingine wa kumwambia.

Jambo lenyewe ni hili. Mjukuu wako Masika, uliyemwacha bado anavaa sare ya shule, sasa ni muuguzi. Amefanya kazi miezi kadhaa kwenye kituo cha afya bila kulipwa, kwa sababu vita vimerudi hadi humu mjini na benki zimefunga milango. Wiki hii hatimaye amepata mshahara wake wa kwanza, noti mkononi. Amesema kesho Jumapili ataupeleka wote kanisani. Wote, Mama. Anasema ni limbuko lake.

Neno hilo tulilijua kwako. Kule nyumbani, karibu na Rumangabo, maharage mapya yalipokomaa hakuna aliyeruhusiwa kuonja kabla kikapu cha kwanza hakijafika kanisani. Ukivuna Jumatatu, sisi tulinusa tu hadi Jumapili. Mdogo wangu Kambale alikuwa anakizunguka kile kikapu kama paka aliyeona samaki. Mimi nilikuwa mbaya zaidi yake. Siku moja nilitafuna maharage mabichi nyuma ya nyumba, tumbo likaniuma, ukajua. Hukunipiga. Uliniuliza tu, "Ile ilikuwa ya Mungu. Sasa iko mu tumbo yako, utamurudishia namuna gani?" Nilikuwa na miaka sita, nikalia nikiamini kwamba Mungu amelala njaa kwa ajili yangu.

Miaka minne baadaye vita vikatufikia. Papa, baba yetu, alikuwa ameshafariki, tukakimbia sisi watatu: wewe, mimi na Kambale. Tulitembea mpaka Goma na kupewa nafasi ya mkeka kwenye ukumbi wa kanisa, hapa mtaani Mapendo, pamoja na wakimbizi wengine. Siku ya tatu ulipata kazi ya kumbebea maji mama mmoja mwenye mgahawa, akakulipa kopo la unga wa mahindi. Ilikuwa Jumamosi. Tulikuwa tumekula viazi vitamu viwili tu tangu jana yake, navyo vilitoka kwa jirani. Nilipoona ule unga nilikimbia kutafuta kuni. Niliporudi ulikuwa umeshaufunga kwenye pembe ya kitenge.

"Hii ni kitu ya kwanza Goma imetupatia," ulisema. "Kesho tunaipeleka."

Jirani wa mkeka wa pili alikwambia, "Lakini mama, batoto biko na njaa."

"Najua," ulimjibu. "Hata Mungu anajua."

Kesho yake, wakati wa matoleo, ulipanda kwenda altareni na kopo lako la unga nyuma ya watu waliobeba kuku na mikungu ya ndizi. Mchana akina mama wa kanisa wakachukua unga uliotolewa, wakapika uji kwa ajili yetu sisi wa ukumbini. Kila mtu nusu kikombe. Ulipoletewa chako ulikitazama, ukaelewa kilichomo, ukakirudisha. Padri mwenyewe alikuja kukubembeleza.

"Mama, kanisa ndiyo inakupatia. Kunywa."

"Nasikia, Padri. Lakini siwezi kukula limbuko yangu. Mupatie ule muzee."

Mzee aliyelala karibu nasi akanywa mara mbili. Mimi na Kambale tukanywa vyetu, tukalamba vikombe. Nilikuchukia siku ile, Mama. Nasema wazi kwa kuwa sikuwahi kusema ulipokuwa hai. Nilikuwa nikijiuliza, kama unga utaishia kwenye sufuria na uji utaturudia sisi, kwa nini usingepikwa Jumamosi, tukashiba watatu? Nimekuwa mtu mzima, nimezaa, na bado swali hilo sijalijibu. Kuna siku naona ile ilikuwa imani. Kuna siku naona ilikuwa kichwa kigumu, na ninakijua hicho kichwa kwa sababu ninacho.

Sasa nifike kwenye langu. Unakumbuka nilipoajiriwa kwenye duka la vitenge, vile vilivyokuwa vinaingia kwa njia ya mpaka wa Bunagana. Mshahara wa kwanza ulipotoka, wewe ulikuwa umeshafua kitenge chako cha Misa. Kwa desturi yetu mzazi ndiye anayembebea mtoto limbuko lake hadi altareni, na wewe ulikuwa umeisubiri siku hiyo kuliko mimi. Nilikupa bahasha. Uliishika kidogo mkononi, ukaniangalia, ukasema, "Aksanti mutoto yangu. Twende."

Ndani kulikuwa na nusu.

Nusu nyingine ilikuwa kwa fundi, imeshalipia mbao za kuanzia nyumba yetu. Nilikuwa nimechoka kupanga chumba kinachoingiza maji, nimechoka kusikia kikohozi chako, na zaidi ya yote nilikuwa bado nina hasira na ule uji. Nikajiambia kwamba safari hii tutashiba kwanza. Lakini sikuwa na moyo wa kukwambia. Nikakuacha ucheze njia nzima mpaka altareni, bahasha juu ya kichwa, kinamama wakikupigia vigelegele, nami nyuma yako nikitazama sakafu.

Nyumba ilipokamilika nilikudanganya tena, nikasema bosi amenikopesha. Wewe ukaamini, au nilidhani umeamini. Tulipokutana kwenye shirika letu, ile jumuiya ya majirani wa kusali, ulisimama mbele ya wote ukatoa ushuhuda: "Mutoto yangu alitoa mushahara yake yote, hakubakisha hata franga moja. Muangalie, Mungu amemupatia nyumba ya mbao." Nilitamani kuingia chini ya benchi. Wiki iliyofuata jirani mmoja akatoa kuku wake wawili kwa sababu ya ushuhuda ule. Mpaka leo nikikutana naye namsalimia kwa adabu kuliko anavyostahili.

Ulilala katika nyumba ile mpaka siku yako ya mwisho, na kikohozi kilipungua. Sasa niambie nimshukuru nani. Je, Mungu aliibariki nusu niliyotoa, au alinivumilia tu kwa nusu niliyoficha?

Masika alikulia kwenye ushuhuda huo. Wewe, bibi yake anayekuita Koko, uliusimulia ukimsuka nywele, ukamsimulia tena akiwa na malaria. Kwa hiyo Jumatano nilipomwomba atoe nusu, nikamwonyesha paa linavyovuja, nikamkumbusha kwamba viazi vya kuuza haviingii kutoka Rutshuru na meza yangu sokoni ni karibu tupu, alinisikiliza vizuri kisha akasema, "Mama, weye ulitoa yote. Koko alinielezea. Sasa juu ya nini mimi nitoe nusu?"

Usifikiri nagombana na kanisa. Ukumbi ule ule umejaa tena, watu wamelala mahali petu pa zamani, na napita kila siku naona watoto wamesimama karibu na sufuria. Najua fedha ya Masika itakuwa chakula chao. Lakini mwanangu anataka kutoa kila alichonacho kwa kufuata mfano ambao haukuwahi kuwepo. Nikinyamaza, uongo wangu ndio unaotoa sadaka. Nikisema, nakufanya wewe mtu aliyeshuhudia uongo, na huenda nikamvunja moyo hata asitoe kitu tena maishani. Nimezunguka na hayo siku tatu. Sokoni nimempa mteja chenji mara mbili.

Leo mchana nilimwambia. Alikuwa anapiga pasi sare yake ya kazi, na mimi nilikuwa nachambua mboga, ili kila mmoja awe na mahali pa kuangalia. Nilieleza yote: mbao, fundi, bosi ambaye hakunikopesha kitu. Hakuacha kupiga pasi. Alipomaliza kola akauliza, "Koko alijua?"

"Sijui."

"Haukumuuliza?"

"Niliogopa."

Alikunja sare polepole, akaingia chumbani kwake akakaa humo kwa muda. Nilikuwa tayari kwa machozi au kwa ukali, lakini alipotoka alikuwa na bahasha tu, ameifunga kwa gundi.

"Kesho utanibebea," akasema.

"Umetia ngapi?"

"Mama, utanibebea ao hapana?"

Nikasema nitabeba. Ningesema nini?

Ameondoka kwenda zamu yake. Bahasha iko hapa mezani, karibu na mkono wangu, na muda mfupi uliopita niliishika. Sikuifungua, wala sikuitazama kwenye mwanga. Niliishika tu, kama ulivyoshika yangu, na kabla sijaamua kujua nikawa nimeshajua kama ni nusu au ni yote. Mkono uliniambia papo hapo, maana mshahara wake naujua kama wewe ulivyoujua wangu. Mkono wa mtu aliyezoea kuuza na kununua haukosei noti za mtoto wake, na wa kwako ulikuwa mzoefu kuliko wangu.

Kwa hiyo ulijua, Mama. Ulijua pale mlangoni, ukaniangalia, ukasema twende. Ulijua ulipokuwa unacheza, ulijua uliposimama kwenye shirika ukaniita mtoto aliyetoa yote. Wewe uliyekataa kunywa uji wako mwenyewe kwa kumwogopa Mungu, ulimpelekea nusu ukamwambia ni nzima. Nimeandika sentensi hii mara tatu na bado siielewi. Sijui kama ulinisamehe, au ulinionea aibu, au ulijaza pengo kwa njia yako ambayo sitaijua kamwe.

Sitakwambia bahasha ya Masika ikoje. Nimefua kitenge, kiko kwenye kamba. Kesho nitaiweka bahasha juu ya kichwa na nitacheza njia nzima, na nikifika altareni nitasema ni yote.

Uniombee huko uliko, maana wewe ndiye uliyenifundisha kucheza.

Ni mimi binti yako,
mama yake Masika