Vikoi vya Babu Mcha

Wanu, ndo natoka hospitali na bibi Kazija. Nimekaa nje hapa.

Nilikwenda kwa lile tumbo langu. Daktari kauliza kama kwetu kuna aliyewahi kuugua saratani ya utumbo. Nikamwambia hakuna. Bibi akasema taratibu, "Babu yake, nadhani."

Babu Mcha, Wanu. Sisi wajukuu tuliambiwa alikufa kwa homa.

Ilikuwa mwaka sabini na moja, Mkokotoni, mchele wa foleni, chakula muhogo asubuhi na jioni. Babu akaanza kutoka damu chooni. Akasema ni bawasiri, muhogo ndio unaomkwaruza. Akaacha muhogo, akaacha na pilipili, damu haikuacha. Kila alfajiri bibi akivifua vikoi vyake kabla majirani hawajaamka, akivianika chumbani. Shemeji zake wakimuuliza, hujibu mzima. Somo yake alimfunda kabla ya harusi kwamba ya mume hayatoki chumbani, naye hakuyatoa. Alimtazama akikonda mpaka wakamzika.

Daktari kasema muhogo hauna kosa hata kidogo. Bibi hajautia mdomoni tangu babu afe.

Halafu daktari kasema na mama, kwa kuwa ni binti wa babu, apimwe, aingizwe kamera ya utumbo. Hapo bibi kanishika mkono.

"Usimwambie mama yako kama nimesema. Kanga zake nazifua mimi alfajiri, tangu Shaabani."

Nazifua mimi, kasema, Wanu. Vile vile kama vikoi.

Mama anapiga simu hapa. Siwezi kupokea.