Majibu ya Wairimu

Njeri mjukuu wangu,

Hapa Molo tuko wazima. Shosho, nyanya yako, amemaliza kuvuna viazi, na baridi ni ile ile. Tangu uende Ujerumani, nyumba imekuwa kimya sana.

Uliniuliza kwa simu kama wanaume wana akili kuliko wanawake, vile vijana wa darasa lenu wanasema. Swali lako lilinikumbusha dada yangu Wairimu.

Yeye aliachishwa shule ili mimi niendelee. Jioni tukichuma pareto, nilimsomea hesabu nilizopewa na mwalimu, naye alinipa majibu bila kuinua macho kutoka kwa maua. Nikawa namba moja darasani. Siku moja mwalimu akanisimamisha mbele ya wote, akasema, "Oneni kichwa cha mwanaume!" Wakanipigia makofi, nami sikumtaja Wairimu.

Nilipomwambia Wairimu, alicheka tu. "Haya, soma za leo," akasema.

Tulimzika kando ya shamba lile la pareto. Mpaka leo, mtu akinisifu kwamba nina akili, mimi hugeuka kwanza kumtafuta.

Ni mimi babu yako, guka.