Dawati la Kitabuni

Mwenzangu, leo nimeumbuka mbele ya mkaguzi!

Niliwapa watoto rula wapime madawati yao. Darasa zima likaandika sentimita mia na ishirini. Nikavimba kichwa, nikawawekea vema wote.

Mkaguzi akapima mwenyewe. Tisini na saba. TISINI NA SABA! Mia na ishirini ni ya dawati la kwenye mfano wa kitabuni.

Akamuuliza yule msichana anayekaa mbele, "Wewe ulipata ngapi?"

"Tisini na saba. Nikafuta."

"Kwa nini?"

Akanitazama mimi. "Mwalimu alisema kitabu hakikosei."

Ni kweli, nilisema. Tena kila siku.

Daftari lake ninalo hapa. Nikiliinamisha kwenye mwanga, tisini na saba yake bado inaonekana, chini ya vema yangu nyekundu.