Nati ya upande wa dereva

Nina miaka sabini na sita. Nimewazika kaka zangu wote, nimemzika mama Rehema, nimeyazika malori matano ya tajiri mmoja wa Iringa, na mimi bado nasimama. Miaka thelathini na moja njia ya Zambia, gurudumu halijawahi kunichomoka. Hata moja. Darasa la nne niliachia katikati, lakini nati naijua kuliko wenye vyeti.

Leo Jumamosi, jua lipo ila halina kazi, baridi imeingia mpaka magotini. Na nimekasirika.

Asubuhi nilipeleka gari ya binti yangu Rehema kwenye duka la matairi hapa Falls Church, Marekani. Tairi za mbele ziende nyuma, za nyuma zije mbele. Kazi ndogo. Lakini Rehema ni muuguzi, kesho alfajiri anaingia barabara kuu ya Beltway kwenda kazini, na magari ya huko yanakimbia kama yameibwa. Gurudumu likichomoka kule haulizwi mtu hospitali, ni matanga moja kwa moja.

Fundi ni Mkongo, anaitwa Kabongo, mtu mzima mwenye mvi za kidevu. Nikasema vizuri, huyu tutaelewana. Nikamweleza: nati huanzishwa kwa vidole. Vidole! Ikikubali vidole, ujue uzi umekaa. Ndipo ukaze, tena msalaba kwa msalaba, si kuzunguka kama mtu anayekoroga uji, na mwisho ushushe gari chini umalizie kwa mkono wako.

Akacheka. "Papa, hapa bulo tunafungaka na mashine. Iko na nguvu kupita weye na miye."

"Bulo ndiyo mdudu gani?"

"Ni ile Papa anaita nati."

Wakacheka mafundi wote, hata wasiojua tunasema nini. Akaitia nati kwenye mashine ya upepo, akasukumiza, trrrrr, na mimi kwa macho yangu nikaona nati moja ya mbele, upande wa dereva, ambao huku ni kushoto, inaingia kombo. Nikapiga kelele. Nani atasikia? Ile mashine inalia kuliko treni.

Nilirudi nyumbani na hasira zangu. Nikatoa wili spana kwenye buti, nikaiendea ile nati niifungue, niianze upya kiutu. Ikagoma. Nikachomeka bomba kwenye mpini wa spana, nikapanda juu kwa miguu yote miwili.

Krak! Bolti imekatika, nati iko chini na kipande ndani yake.

Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilifurahi kama mtu aliyeshinda kesi ya shamba.

Rehema akapiga simu dukani akawawakia kwa Kiingereza. Tukarudi huko polepole, nati nimeifunga kwenye leso. Mwenye duka, Mmarekani mmoja mnene, akamkaripia Kabongo mbele ya wateja. Kabongo akaichukua nati, akaigeuzageuza, akanivuta pembeni.

"Papa, uliizungusha wapi?"

Nikamwonyesha kwa mkono. Kulia, kama mshale wa saa. Nati za upande wa kushoto hufunguliwa hivyo, dereva gani hajui?

Akaangalia nyuma kama bosi anasikia. Halafu kwa sauti ndogo: "Hii si kamio, Papa."

Kamio kwao ni lori. Nikasikia masikio yanapata moto.

Malori yetu yale ya zamani, ya Kiingereza, nati za kushoto zilikuwa na uzi wa kinyume. Gari ndogo zilikuwa za mabosi, sikuwahi kuzifungua. Mkono wangu umekariri hivyo miaka thelathini na moja. Kumbe leo nilikuwa sifungui, nilikuwa nakaza. Nimekaza kwa bomba na kilo zangu tisini mpaka chuma kimesalimu amri.

Na ile nati? Akanionyesha. Uzi umekaa sawasawa, hauna hata mkwaruzo.

Kombo lilikuwa kwenye macho yangu.

Nikangoja aseme. Bosi yupo, Rehema yupo, wateja wapo. Neno moja tu lingetosha kunivua nguo. Badala yake akamgeukia bosi wake akasema sorry. Sorry naijua. Akatutilia bolti mpya.

Ndani ya gari Rehema ananiambia, "Safi Baba, umewaweza. Bosi kamwambia Jumatatu asije, akae kwake mpaka aitwe."

Nikaitikia, "Mm."

Mm! Mimi!

Nimemkasirikia Kabongo. Nani alimtuma anisitiri? Ati kwa kuwa mimi mzee. Nimelala chini ya lori kwenye matope siku tatu na sikubebewa mzigo wangu na mtu, leo nabebewa na mtu niliyemsingizia. Na nimeukasirikia zaidi mdomo huu. Asubuhi ulipiga kelele mtaa mzima, mchana umekosa sentensi moja.

Rehema yuko jikoni. Nimemwita mara mbili nimwambie usoni, mara zote mbili nikaishia kuomba chai.

Basi Rehema, mwanangu, wewe husoma ninayoandika hapa na kucheka herufi zangu, leo usicheke. Nainuka kwenye kiti, nakuachia kompyuta wazi. Duka linafungwa saa kumi na mbili. Piga simu sasa hivi, mwambie yule mnene, kwa Kiingereza chote ulicho nacho, kwamba aliyekata bolti ni baba yako. Halafu tuondoke wote twende dukani. Nitasimama mbele ya wale wale waliocheka, wewe utafasiri, usipunguze neno.

Kwamba nati ianzwe kwa vidole, hilo silirudishi nyuma, hata mkinifunga.

Mengine yote yako kama nilivyoandika. Asiyeamini akamuulize Kabongo. Ndiye shahidi wangu, sina mwingine.