Muhogo Ulikuwa Bado Mgumu

Wakwe wameondoka kwangu bila kuonja bugali!

Sawa, salamu sasa, daftari langu. Leo ni Jumatatu. Kulikucha na ukungu, jua likatoka kwa uvivu, na mimi nimekaa nyuma ya jiko ili wapita njia wasinione uso.

Ninaona haya.

Tangu mwanangu Feliksi apewe kazi ya kufundisha shule ya misioni, Kabambare nzima inajua mama yake ni nani. Ana baiskeli. Ana viatu vya ngozi. Mwandiko wake umenyooka kama mistari ya pamba shambani, na herufi za kwanza nilimfundisha mimi, kwa shule yangu ile kidogo ya masista. Basi aliposema amepata mchumba kule Wamaza, na kwamba shangazi wa binti atakuja na wazee kuona nyumba ambamo mtoto wao atakaa, nilipita ua kwa ua nikitangaza.

"Watakula bugali ya muhogo, nyeupe kuliko kanzu ya padri!"

Kwa jirani yangu Mama Zaina nilizidisha. Yeye huazima unga mara kwa mara. Nikamwambia mbele ya watu, "Miye, mama, kikapu yangu haijui njia ya mulango wa mutu." Watu walicheka. Yeye akaendelea kutwanga.

Siku zangu zilikwenda hivyo: leo kupaka nyumba udongo mweupe, kesho kupiga pasi shati la Feliksi, keshokutwa mdomo. Muhogo niliuacha nyuma. Na hakuna mwanamke hapa asiyejua kwamba muhogo mchungu hauharakishwi. Hulala majini mpaka ulainike, hukauka, ndipo hutwangwa. Maji hufanya kazi yenyewe huku wewe unashughulika na mengine, lakini lazima uanze na huo. Nilipoukumbuka, Jumamosi ilikuwa imefika, siku ya kupima pamba, ambayo hakuna anayethubutu kuikosa. Nilijua tangu zamani kwamba siku hiyo inakuja, wala sikuitia kwenye hesabu zangu.

Nikauloweka jioni mbio mbio, kisha nikamwomba Mungu awape wageni mvua kubwa njiani, wachelewe. Mimi, Mkristo!

Wamefika leo asubuhi, wakavu kabisa.

Niliwapa kuku, sombe ya majani ya muhogo, na ndizi za kuchemsha. Shangazi, mama mrefu mwenye macho makali, alinawa mikono akangoja. Tukangoja wote. Feliksi akaninong'oneza, "Mama, nikimbie kwa Mama Zaina?" Nikamkazia macho akae. Mwanangu alitaka kunitoa aibuni kwa kukimbia mpaka nyumba ya pili tu, nami nikachagua majivuno yangu. Hilo ndilo linalonichoma.

Shangazi akainuka mwenyewe mpaka kwenye chungu nyuma ya nyumba, akatoa kipande, akakibana kwa vidole.

"Hii ni muhogo ao ni jiwe?"

"Iko karibu, mama."

"Karibu na nini?" Wazee wakacheka. Yeye hakucheka. "Mama Feliksi, nyumba yako iko nyeupe sana. Lakini mutoto wetu atakula ukuta?"

Feliksi aliinamia viatu vyake vya ngozi.

"Hatujakatala, hatujaitika," akasema shangazi. "Tunalala kwa ndugu yetu, ng'ambo ya kijito. Siku ya Mungu, misa ikiisha, tutarudi. Tukikuta jiwe tena, tunashika njia ya Wamaza na binti yetu anabaki kwetu."

Walipoondoka nilichukua kikapu, nikaenda kwa Mama Zaina mchana kweupe, watu wakiona. Aliniona toka mbali.

"Yo! Kikapu imejua njia!"

"Imejua, dada. Unisamehe."

Alicheka mpaka akauweka mchi chini, kisha akanijazia unga. "Chunga huu, uuweke ndani. Mvua ikiharibu wako, utapika wangu."

Mimi nilikuwa nimeitegemea mvua initetee. Yeye aliihesabu kama adui.

Basi nimelipanga juma nikianzia mwisho. Jumapili bugali, kwa hiyo Jumamosi kutwanga, maana safari hii hakuna pamba ya kupima. Kabla yake kuanika, na jua likikataa, nitaukausha juu ya moto. Muhogo utatoka majini Jumatano, na mpaka hapo sitaugusa. Kuni na kufagia vitapata nafasi humo katikati, wakati maji yanafanya kazi yao. Mdomo sikuupa siku.

Mlango mmoja tu nimeupitia kualika, wa Mama Zaina. Nimemwomba mume wake aje kuchinja kuku, ili nao, kwa kuwa ni Waislamu, wale bila shaka. Mama Zaina atakaa karibu na shangazi, na akitaka kusimulia habari ya kikapu, asimulie.

Mwanangu amerudi kufundisha bila kunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Watakuja wote Jumapili, baada ya misa.