Mbalamwezi Ndani ya Tope

Jumamosi, Buzebazeba. Mvua ya asubuhi imekatika, jua limetoka kali, na nina furaha ambayo sijui niiweke wapi.

Wiki tatu sijaandika humu kwa aibu. Utafiti wangu ulikwama. Kazi yenyewe ni kukadiria tope la ziwa letu lilirundikana kwa kasi gani enzi za kale. Ninayo rekodi ya shimo lililochorongwa upande wa Bangwe: mchoro mrefu wa mionzi ya miamba, unaopanda na kushuka kwa mpangilio. Dunia huyumba taratibu kama pia inayozunguka, mvua hubadilika, na tope nalo hubadilika. Mzunguko mmoja ni miaka elfu ishirini na kitu. Unahesabu mizunguko, unapima unene wa tope, unagawanya. Basi.

Ila majivu ya volkano yaliyo chini kabisa yalishapimwa umri, na hesabu yangu ilipungukiwa mizunguko miwili kuufikia umri huo. Msimamizi aliniambia hasaini kazi yangu bila maelezo, na mwisho wa kuiwasilisha ni Jumatatu.

Nikiri: nilianza kudanganya. Mzunguko mmoja niliugawa ukawa miwili.

Jana mama mdogo, aliyenilea tangu nikiwa na miaka sita, aliniita Kibirizi nimsaidie kugeuza dagaa. Nilikwenda nimenuna, macho kwenye simu. Ili tu nisionekane bubu, nikamuuliza mjomba ana muda gani tangu avuke kwenda Kongo.

"Giza tatu," akasema. Giza ni zile siku mwezi haupo, watu wanavua kwa taa.

Kwa ujuaji wangu nikajumlisha siku za kuvua peke yake. "Kumbe hata miezi miwili haijatimia."

"We mwana, na mbalamwezi je? Hatuvui, lakini siku si zinakwenda?"

Niliweka dagaa chini, nikaukumbuka mchoro wangu.

Katikati ya mchoro wangu kuna tabaka la changarawe lenye mabaki ya mizizi, ambalo siku zote nililipita haraka. Ziwa lilikuwa limerudi nyuma, pale pakawa nchi kavu, tope halikushuka. Miaka ilipita bila kuacha kitu. Nilirudi nyumbani, nikafuta uongo wangu, nikahesabu juu ya changarawe peke yake na chini yake peke yake. Kasi ikalingana pande zote mbili. Mizunguko miwili iliyopotea ilikuwa hapo hapo kwenye pengo.

Mchana huu msimamizi amejibu: "Hii nasaini."

Nililia kidogo. Kisha nikampigia mama mdogo, nikamweleza yote, changarawe, majivu, dunia inavyoyumba. Akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama nimekula.

Kwenye nakala yangu ya mchoro, pale penye pengo, nimeandika kwa penseli: mbalamwezi. Miaka yote aliyonilea sikuwahi kumshukuru kwa neno hata moja, nikidhani hakuna kilichokuwa kikitokea.

Kesho nitakwenda Kibirizi bila kuitwa.